Kamba ya Nahodha Kurihashi

Nahodha Kurihashi Tokuzo alisoma habari za kifo chake akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya banda la wagonjwa kwenye bandari ya Rabaul, miguu yake imepakwa dawa nyekundu mpaka magotini. Gazeti lilikuwa la wiki mbili nyuma. Lilikuwa limefungiwa samaki wakavu, na doa la mafuta lilikuwa limemkaa puani kwenye picha yake, lakini maandishi yalisomeka vizuri tu. Yalisema kwamba manowari Natsushimo ilipopigwa, nahodha wake shujaa alijifunga kwa kamba kwenye kiguzo cha dira, akawaaga vijana wake kwa tabasamu, akazama nayo. Kwa ushujaa huo amepandishwa vyeo viwili kwa mpigo. Mjane wake, Fusae, alizipokea habari hizo bila kudondosha chozi, akazika kucha na nywele alizoziacha mumewe kwenye bahasha kabla ya safari, kama ilivyo desturi.

Alisoma mara mbili. Mara ya pili alicheka, na midomo yake iliyopasuka kwa chumvi ikatoa damu.

"Wamenipandisha cheo," alimwambia serahangi wake, yaani mkuu wa mabaharia, Senda, aliyekuwa amelala kwenye machela karibu naye, akinywa uji wa mchele.

"Hongera, Afande. Na mimi je?"

"Wewe hujatajwa."

"Basi mimi ndiye niliyepona," alisema Senda, akaendelea na uji wake.

Hakuna aliyesema uongo kwa makusudi, na hilo ndilo lililomkera Kurihashi kuliko uongo wenyewe. Katika jeshi lile la majini meli ikizama nahodha huzama nayo. Hakuna sheria iliyoandika hivyo; kuna kamba tu inayoning'inia kwenye kulabu pembeni mwa dira, na kila mtu anajua ni ya nini. Redio ya Natsushimo ilipokaa kimya siku kumi, makarani wa makao makuu hawakuwa na haja ya kuuliza. Walijua nahodha amefanya nini, kwa sababu nahodha hufanya hivyo. Wakampamba, wakampeleka gazetini, wakaenda kula.

Lakini bahari haikusoma gazeti.

Miaka miwili nyuma Kurihashi alikuwa bingwa wa makombora ya majini. Kwenye bahari ya Java alizamisha meli mbili za adui kwa asubuhi moja, akapewa barua ya sifa yenye maandishi ya dhahabu. Halafu vita vikageuka, na manowari za kasi zikageuzwa punda. Makombora yakateremshwa, mapipa ya mchele yakapandishwa. Kila pipa lilijazwa nusu ili lielee, mapipa mia yakafungwa kwenye kamba moja, na kazi ya manowari ikawa kukimbia hadi kisiwa cha Vorae, kuyamwaga majini karibu na ufuko na kutimua mbio kabla ya ndege za adui kuamka. Wanajeshi wa nchi kavu, elfu nne waliokwama kule bila chakula, waliingia majini kuvuta ncha ya kamba. Mabaharia walijiita wapagazi, nao hawakulisema jina hilo kwa furaha. Kurihashi pia alinuna, mpaka siku alipotazama kwa darubini akawaona wale wavutaji. Maji yalikuwa yamewafika shingoni, na mikono yao haikuwa na nyama. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia neno wapagazi likitamkwa kwa dharau kwenye sitaha yake.

Natsushimo ilipigwa alfajiri ya safari ya tisa, makombora mawili ubavuni, ikaanza kulala. Mshika usukani aliitoa ile kamba kwenye kulabu, akamletea nahodha kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama anayempelekea mkwe taulo. Kurihashi aliipokea. Kila aliyekuwa pale alimtazama, na wengine walikuwa wameshaanza kulia. Aliipima kwa kiganja. Ilikuwa kamba mpya, nene, pima nane kamili.

"Kamba nzuri hii," alisema. "Kafungieni mapipa."

Wakafunga mapipa, wakapata chelezo, na watu mia na wanne wakakishika. Siku ya nne njaa ilipozidi, Kurihashi mwenyewe ndiye aliyevunja kifuniko cha pipa la kwanza. Walikula mchele mbichi uliolowa maji ya bahari, mchele wa watu wengine wenye njaa, na kila mmoja wao alijua ni wa nani. Siku ya kumi na moja mkondo uliwatupa kwenye kisiwa kidogo cha matumbawe. Wiki tatu baadaye tishari lililopotea njia likawakuta. Kumi na watatu walikuwa wamekufa. Walioshuka Rabaul walikuwa tisini na mmoja, na nahodha akiwa wa mwisho.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti huyu hakumaliza hata siku ya tatu pale Rabaul kabla ya kuanza kuhukumiwa.

Aliyekuja aliitwa Mibu, ofisa wa makao makuu ya pale, viatu vinang'aa kwenye mji ambao majivu ya mlima wa moto huanguka tangu asubuhi. Yeye na Kurihashi walisoma pamoja chuo cha wanamaji, Etajima, wakalala bweni moja miaka mitatu. Alileta chupa ya maji ya kisima, kikombe kidogo cheupe na sanduku refu jembamba ambalo hakulifungua. Hakuwa na haja ya kulifungua. Anayekwenda kufa huagwa kwa kikombe cha maji, na jambia la kujiulia lilikuwa ndani ya sanduku.

"Tokuzo, ndugu yangu," alianza Mibu, "umechoka. Nakuona."

"Sijachoka. Nina vidonda."

Mibu alizunguka kidogo, akasema habari za hali ya hewa na za wenzao wa darasa waliokufa. Halafu akafika alipokuwa anakwenda. Taifa zima limesikia hadithi ya kamba. Watoto wa shule wameandikishwa insha. Mfalme mwenyewe, inasemekana, amesomewa. Sasa nahodha yuko hai anakula uji, na ana watu tisini wenye midomo. Makao makuu yameona njia moja tu: mabaharia wote wapelekwe Vorae kuongeza nguvu kwenye ngome. Meli ya kuwapeleka ipo. Ya kuwarudisha haipo, na wote wawili walijua hivyo.

"Lakini kama hadithi ingekuwa kweli," alisema Mibu, "hata kwa kuchelewa, basi hakuna wa kuficha tena. Meli ya hospitali inaondoka Ijumaa. Ningewapandisha wote, waende kwao. Nakupa neno langu."

Alimimina maji kwenye kikombe, akakiweka juu ya ndoo iliyokuwa katikati yao, akaliacha sanduku pembeni, akaondoka. Ilikuwa Jumanne.

Na hapa lazima tuseme kweli: Kurihashi alitetereka. Si kwa sababu ya gazeti wala ya mfalme. Alitetereka kwa hesabu rahisi ambayo mtu yeyote mwenye moyo angeipiga, mmoja kwa tisini. Kifo hakikuwa kigeni kwake; walikuwa wamekaa nacho zaidi ya mwezi wakigawana mchele. Aliingia bandani akawatazama vijana wake wamelala kwenye mikeka, migongo imechubuka, mmoja anaota kwa sauti akimwita mama yake amletee tunda la plamu lililotiwa chumvi. Alifikiri, nikifa huyu atakula plamu yake. Alikaribia kabisa kuridhika.

Akamweleza Senda, kwa sababu huyo ndiye mtu pekee aliyezoea kumweleza mambo. Senda alikuwa amekaa baharini miaka ishirini na sita, mguu mmoja umekatwa chini ya goti, na adabu yake ilikuwa ya juu juu tu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Afande ukishakufa," aliuliza, "nani atahakikisha tumepanda meli?"

Kurihashi aliigeukia tena ile mikeka.

"Ahadi ni deni, lakini anayedai sharti awe hai. Huyo bwana mzigo wako kwake ni kanda la usufi. Ijumaa atatuzika wewe kwa heshima na sisi kwa ukimya, halafu ataenda kunyolewa."

Nahodha alirudi nje. Kikombe kilikuwa pale pale juu ya ndoo, maji yameingia vumbi la majivu. Alikitazama kitambo. Halafu akakinywa chote, kwa sababu alikuwa na kiu, akakifuta kwa shati, akakitia mfukoni; sanduku hakuligusa. Na alipokuwa akikitia mfukoni hasira ikampanda, hasira safi, ya kwanza tangu meli yake izame. Alikasirika kwamba alikuwa karibu kumwachia Mibu watu wake na shukrani juu.

Jumatano alfajiri alimgongea Daktari Onaga, mkuu wa lile banda, mtu wa visiwa vya kusini, mnene, asiyependa maofisa wa makao makuu wala kuficha kwamba hawapendi. Kurihashi aliomba vitu viwili, karatasi nyingi na jibu la kweli: mgonjwa akishaandikwa kwenye orodha ya meli ya hospitali, nani anaweza kumfuta?

"Mimi," alisema Onaga. "Orodha nikishaisoma redioni, meli inawahesabu kuwa wake. Hata amiri hawezi kumtoa mtu bila sahihi yangu."

"Nina wagonjwa tisini."

"Una wagonjwa sitini, Nahodha. Thelathini wana vidonda vya kawaida."

"Wanakohoa."

"Rabaul nzima inakohoa, majivu haya." Onaga alimtazama, akaitazama ile miguu nyekundu, akavuta kalamu. "Kukohoa ni jambo la hatari," alisema. "Lete majina."

Hayo ya karatasi nyingi yalikuwa na maana yake. Katika jeshi lile hakuna pambano linaloisha mpaka nahodha aandike ripoti kamili: saa kwa saa, meli ilikuwa wapi, nani alifanya nini, nani alikufa, nani yuko hai. Mnaweza kushindwa vita, lakini ripoti itaandikwa, itapigwa muhuri, itapelekwa ofisi zake tatu na kufungwa kwa uzi mweusi. Makarani huiamini kuliko macho yao. Mabaharia huidharau desturi hiyo, na Kurihashi mwenyewe aliwahi kuitukana mara nyingi. Sasa aliikumbatia. Kutwa nzima ya Jumatano na ya Alhamisi aliandika kwenye ndoo yake, nakala tatu, mkono umevimba. Aliandika ukweli wote. Aliandika kwamba kamba ya nahodha ilitumika kufungia chelezo. Aliandika kwamba walikula mchele wa ngome ya Vorae, mapipa kumi na saba, na kwamba aliyetoa amri hiyo ni yeye. Akaorodhesha waliokufa kwa majina na vijiji vyao. Kisha akaorodhesha walio hai, na jina la kwanza likawa lake. Muhuri wake ulikuwa chini ya bahari, kwa hiyo akapaka kidole gumba ile dawa nyekundu ya vidonda na kukibandika kila ukurasa.

Ijumaa asubuhi machela zilianza kuteremka gatini. Mibu alifika na askari wawili wenye bunduki, akakuta nusu ya watu wameshapanda. Aliyekuwa akiwahesabu ni yule aliyetarajiwa kuwa maiti, amevaa shati la kuazima.

Mibu alimvuta pembeni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Aliuliza, kwa sauti ya chini sana, hii ni nini.

"Ni wagonjwa. Uliza daktari, sahihi ni yake."

"Nilikuachia kitu juu ya ndoo, Kurihashi."

Kurihashi alitoa kikombe mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha mwenzake.

"Maji niliyanywa. Nilikuwa na kiu. Asante."

Askari mmoja alitazama upande mwingine akizuia kicheko. Mibu alikifumbata kikombe mpaka vidole vikawa vyeupe. Alisema mambo mengi, na mengi alikuwa ameyakariri: aibu ya jeshi, jina la darasa lao, mke atakayenyooshewa vidole sokoni. Kurihashi alimwacha amalize. Halafu akampa bahasha nene.

"Ripoti yangu. Nakala moja inaondoka na serahangi, itafika wizarani. Ya pili anayo daktari. Hii ni yako. Mimi najua ripoti na gazeti zikigombana makarani watashika ipi, na wewe unajua. Maiti haandiki ripoti, Mibu. Mimi nimeandika kurasa arobaini."

"Wewe unaogopa kufa," alisema Mibu. "Sema tu."

"Naogopa, ndiyo. Kufa kwa ajili ya mwandishi wa gazeti naogopa sana. Aibu unaitafuta mahali pasipo. Iko kule Vorae, watu elfu nne wanakula majani, na mimi nimekula mchele wao. Nipe meli nikawarudishie."

Mibu aliipima bahasha kwa mkono. Mtu aliyemjua vizuri, na Kurihashi alimjua tangu bwenini, angeona mawazo yakigeuka nyuma ya macho yale. Kati ya meli nne zilizokwenda Vorae mwezi ule, ilirudi moja. Kufa kufaana: kama huyu mkaidi angezama wiki ijayo, hakuna gazeti ambalo lingehitaji kusahihishwa. Alisema ipo meli moja, ilikuwa ya kuvulia nyangumi, injini mbovu, hakuna nahodha anayeitaka.

"Naitaka," alisema Kurihashi.

Senda alikuwa wa mwisho kubebwa. Aliposikia habari za meli ya nyangumi alianza kujishusha kwenye machela, akidai kwamba mguu mmoja unatosha kwa kazi ya kufunga mapipa na kwamba hajawahi kumwona nahodha akifunga fundo linaloshika. Kurihashi alimrudisha kwa kiganja kifuani. Amri yake ya mwisho kwake ilikuwa aende kwa Fusae, kabla ya kwenda kwao.

"Nimwambie nini, Afande?"

"Mwambie afukue zile kucha azitupe. Za mwenyewe bado zinaota."

Senda alitaka kucheka, ikamshinda. Alishika mkono wa nahodha wake kwa mikono yote miwili, jambo ambalo serahangi hafanyi, akaachia pale tu wabebaji walipomwinua. Kurihashi alisimama gatini mpaka meli nyeupe ilipopita mdomo wa bandari, na alilia bila kujificha. Watu tisini walikuwa wamekwenda.

Meli ya nyangumi ilinuka mafuta ya zamani mpaka kwenye chai. Ilikwenda nusu ya kasi ya Natsushimo, haikuwa na kombora hata moja, na mabaharia wake kumi na wanane walikuwa wa kuokoteza: wapishi, wazee, na wawili waliotoka kifungoni kwa kumpiga ofisa. Kwenye chumba cha usukani palikuwa na kulabu kando ya dira, na kwenye kulabu mtu fulani alikuwa ametundika kamba mpya, nyeupe, ya pima nane. Kurihashi hakuuliza nani ameiweka. Aliishusha siku ileile walipopakia, akaiunga kwenye kamba ya mapipa iwe ncha yake.

Siku ya tatu ndege ziliwakuta na kuwatoboa mara mbili. Mpishi mmoja alikufa na injini ikanyamaza saa nzima, lakini mvua nzito ikawafunika, nao wakatengeneza wakiwa wamelowa, wakitukana. Siku ya nne, kulipopambazuka, waliona ufuko wa Vorae. Waliyamwaga mapipa yote, mia mbili, nayo yakaelea kwenye mvua yakigongana. Hakuna mtu aliyeingia majini kuvuta. Kurihashi alitazama kwa darubini akawaona wamekaa tu mchangani, safu nzima, wakiangalia. Nguvu za kuogelea zilikuwa zimewaishia.

Basi aliteremsha mtumbwi wa meli, akaingia na wale wawili wa kifungoni, wakapiga makasia wakivuta ile ncha nyeupe ya kamba mpaka mtumbwi ukagusa mchanga. Akashuka, maji ya magoti, akaikokota kamba nchi kavu.

Koplo mmoja ndiye aliyeweza kusimama. Alikuwa mifupa na macho, lakini alikuwa na kofia, na alipiga saluti inavyotakiwa. Aliuliza, kama kanuni inavyosema, meli gani na nahodha nani, ili aandike.

"Kurihashi Tokuzo. Zamani wa Natsushimo."

Koplo aliishusha saluti taratibu. Alimtazama kama anayetazama mtu anayemdanganya mgonjwa.

"Huyo amekufa, Afande," alisema kwa upole. "Tulisomewa gwarideni. Tulisimama kimya dakika nzima kwa ajili yake, na siku hiyo hatukuwa tumekula. Alijifunga kamba."

"Kamba ndiyo hii," alisema Kurihashi, akamtia ncha yake mikononi. "Shika. Vuta."